Pongo, Lenzi Ndefu na Suruali ya Majani

Leo nimepatikana, jamani, tena mchana kweupe. Acha niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa bodaboda.

Mnajua nafanya kazi studio ya picha, Mbale. (Kazi yangu ni kuwaambia watu "inua kidevu". Zaidi ya hapo huwa siongei.) Niko likizo kwa jaja, bibi yangu, kijijini Budondo. Juzi, kwenye msitu mdogo wa mtoni, nilimwona pongo, yule swala mwekundu mwenye madoa meupe. Nikawaambia wanakijiji. Wakanicheka wote! Eti pongo waliisha zamani, nimeona mbuzi. Nikarudi Mbale kumwomba bosi wangu, Hajji, kamera ya kuwathibitishia.

"Chukua," akasema. "Lakini ikipotea, na wewe potea."

Lenzi fupi nikaiacha. Ingenilazimu kumkaribia pongo, na pongo ana haya kuliko mimi. Nikachukua ile ndefu ya harusi, tunayotumia padri akitukataza kusogea. Na stendi fupi, nipige nikiwa nimelala. Kisha mitumbani nikapata koti na suruali za rangi ya msitu, mnyama asinione. Kofia ya koti nikaikata, nikaifunga kwenye lenzi, nayo isionekane.

Huku kwetu raia akivaa mabaka ya jeshi anakamatwa. Najua! Lakini hizi zilichorwa majani. Majani na jeshi wapi na wapi? Muuzaji aliniambia, "Usivae hapa. Vaa ukifika." (Nikadhani hataki nizichafue.)

Basi leo asubuhi nikalala kifudifudi kichakani. Sisimizi wakanila, nikavumilia. Pongo akatoka. Akainama kunywa maji. Nikabonyeza.

"Usitingishike!"

Pongo huyoo! Nikageuka. Askari wawili wenye bunduki, na nyuma yao mama mmoja aliyebeba kuni.

"Ndiye huyo!" mama akapiga kelele. "Ana mzinga!"

"Wewe ni jeshi gani?" akauliza askari mzee.

Nilitaka kueleza yote vizuri. Kikatoka hiki:

"La... la picha, afande."

Wakachukua kamera. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Selo ningeizoea. Hajji je?

Tukaandamana hadi kituo kidogo cha polisi, katikati ya senta, penye maduka. Watu wakaacha chapati zao. Afande mzee akaanza kufungua picha moja moja. Bibi harusi. Bwana harusi. Keki. Bibi harusi tena.

"Pongo wako ameolewa?"

Senta nzima ikacheka. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu.

Kisha akafika kwenye picha ya leo. Kichwa hakuna. Makalio tu, madoa, na mkia umesimama.

"Huyu mbuzi," akasema yule askari kijana.

Nikajiona selo, kamera kabatini kwao, mimi sina kazi.

Afande mzee akainama, akatazama sana. "Mbuzi gani iko na madoa hivi? Huyu pongo. Kwetu kaskazini nimekula huyu mpaka nikachoka."

Watu wakasukumana kuona. "Kumbe bado wapo!" "Kumbe kijana hakudanganya!" Afande akanirudishia kamera. Nikaipokea kwa pupa, nusura niiangushe mwenyewe.

"Enda nyumbani. Lakini hiyo nguo inabaki."

"Koti, afande?"

"Koti na suruali."

"Hapa?"

"Unataka nikukodishie hoteli?"

Nikavua. (Ndani nilikuwa na bukta yangu ya shule ya msingi. Ya bluu. Inabana. Zaidi siandiki.) Wanawake wakafunika macho, lakini vidole waliviachanisha. Yule mama wa kuni akanihurumia, akafungua leso aliyojifunga juu ya gauni, akanipa.

"Jifunge, mwanangu. Mimi nilidhani wewe ni muasi."

Nikapita senta na leso ya maua, kamera nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Vijana wa boda wakaita, "Bibi harusi, panda tukupeleke!"

Nimefika. Nimempigia Hajji.

"Kamera?"

"Iko, Hajji."

"Imekwaruzika?"

"Hapana, Hajji."

"Na wewe?"

"Mimi kidogo."

Kamera ninayo, kazi ninayo, na pongo yupo. Kwa kweli nimepumua. Anayetaka kucheka apange foleni, maana watu wa Budondo bado hawajamaliza.