Daraja Moja la Kamalenge

Yenga (Jumapili), tarehe 1 Julai 1956

Siku kubwa! Mi, Stanislas Kalala, karani wa magazini, ghala la kampuni, nitakuwa prezida wa kamati ya bustani. Bado hawajanichagua, lakini hilo ni jambo dogo.

Baada ya misa tulikutana wote katika sali ya mikutano, hapa Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi. Habari yenyewe ni bustani ya kijito Kamalenge. Wazee wanasema ilikuwa bustani kweli, zamani zile baba zetu waliposhuka kwenye treni kutoka Kasai. Mabenchi, mapapai, mahali pa fanfare, bendi ya matarumbeta, kupiga siku ya sikukuu. Leo ni matete, vyura na mashimo ya mihogo. Kule vili, mjini kwao, wazungu wana mawaridi. Sisi tuna harufu.

Administrateur, mzungu wa serikali, atatoa mbao, simenti na rangi. Sharti lake: wakaaji wakubaliane shauri moja, na kazi iishe kabla ya yenga ya tarehe 15, atakapokuja mwenyewe kufungua. Wakaaji wa Dilala wakubaliane! Tata Mbayo, mzee kuliko wote, anataka bustani irudi kama ilivyokuwa, hata mapapai yakae palepale. Alfani mwenye kamio, lori la kubeba watu na mizigo, anataka njia pana mpaka majini. Anasema ni kwa ajili ya wagonjwa. Wagonjwa gani? Anataka kuosha kamio lake. Waimbaji wa misa wanataka mahali pa fanfare, basi.

Mi nikasimama. Nina tai, nina saa ya mkono. Nikasema tutazuia maji kama walivyozuia mto Lualaba kule Nzilo, tupate ziwa letu dogo, na kando ya ziwa buvette, kibanda cha bia baridi. Mtu wa kuiangalia buvette hatakosekana. (Ni mi.) Nikamaliza kwa kusema mashimo yote ya mihogo yafukiwe, yananuka, ni aibu kwa watu wastaarabu. Wanaume wakapiga makofi. Bilonda, mke wangu, alikuwa amekaa nyuma. Hakupiga. Njia nzima kurudi nyumbani alitangulia mbele yangu kwa haraka. Ni furaha imemzidi.

Kazi moja (Jumatatu), tarehe 2

Si furaha.

Nimerudi kazini, hakuna bukari, ugali wetu. Sahani iko, mboga iko, bukari hakuna. Bilonda akaniuliza kwa upole, upole ule mbaya, unga wa bukari unatoka wapi. Nikasema sokoni. Akauliza, na sokoni unatoka wapi. Hapo nikaanza kuona.

Unatoka katika yale mashimo. Mihogo inalowekwa mpaka ilainike, inaanikwa, inatwangwa. Mashimo mengi ni ya mama yake, ndiyo riziki yake tangu baba mkwe atutoke. Yakifukiwa atakula nini? Basi atakuja kukaa kwetu. Hana mtoto mwingine Kolwezi.

"Sema tena mashimo inanuka, tata," Bilonda akaniambia. "Mama atafika na mukeka yake."

Mungu wangu! Asiye Muluba hawezi kuelewa. Kwetu mwanaume hatazamani na mama mkwe. Hali mbele yake. Jina lake halitamki, hata humu siliandiki. Akimwona njiani, anatoka njiani, anaingia majanini, anageuza mgongo mpaka mama apite. Sasa nyumba yetu ya kampuni ina vyumba viwili na mlango mmoja. Nitaingia majani gani? Nimepima dirisha kwa mkanda wa suruali, kisha nikajipima tumbo. Dirisha linanikataa. Tena nje yake, chini kabisa, ndipo Bilonda anapoweka kinu.

Kazi tatu, tarehe 4

Kumeza maneno yangu mbele ya watu, hapana. Lakini akili ninayo. Mashimo yakiwa ya kale, kama bustani yenyewe, nani atayagusa?

Nikaenda kwa Tata Mbayo na tumbako. Nikamwuliza kama si kweli mashimo yalichimbwa na mabibi wa kwanza, wale wa treni ya kwanza. Akasema hapana, yamechimbwa mwaka juzi, yeye mwenyewe alitumbukia katika moja akavunja kiko chake. Nikaongeza tumbako. Akafikiri. Akasema labda lile alilotumbukia ndilo jipya, mengine ni ya kale sana. Nikamwachia pakiti nzima. Sasa mashimo yalikuwepo kabla ya treni.

Jioni, mkutano. Tata Mbayo akashuhudia mpaka machozi yakamtoka. Mi ninajikohoza nisimame niseme, basi tuyalinde. Alfani akanitangulia! Akasema yeye siku zote ameyaheshimu mashimo ya kina mama, mke wake Mwamini ananunua unga hukohuko, na humu ndani yuko mtu, hataki kumtaja, aliyesema yananuka. Wote wakanigeukia. Kina mama wakampigia Alfani vigelegele. Kwa tumbako yangu!

Kazi tano, tarehe 6

Alfani anataka uprezida, sasa ni wazi. Nimechora siku mbili, kazini na nyumbani. Ng'ambo ile, mashimo. Ng'ambo hii, bustani. Katikati, si ziwa tena, daraja jeupe lililopinda mgongo. Kina mama wanabaki na mihogo yao, waimbaji wanapata fanfare, Tata Mbayo anapata mapapai, mi napata buvette. Alfani hapati kitu. Shauri zuri sana.

Kuna kasoro moja ndogo. Mbao hazitoshi daraja pana na buvette pia. Kwa hiyo daraja nimelifanya jembamba, la mtu mmoja. Jioni mkutanoni Alfani, ana macho ya kunguru yule, akaona mara moja. Akauliza watu wawili wakikutana katikati itakuwaje. Nikamjibu kwamba watu wa Dilala wana adabu, mmoja atampisha mwingine. Sali nzima ikamcheka. Mikono ikainuliwa. Prezida ni mi! Alfani wakamfanya makamu, wamfute machozi.

Nyumbani nimekuta bukari, sombe ya majani ya mihogo na samaki. Bilonda anasema mama yake amefurahi, atabaki kwake. Nimekula mpaka nikafungua mkanda.

Kazi tatu, tarehe 11

Uprezida ni mateso. Daraja linajengwa penye mashimo, na mama mkwe yuko mashimoni asubuhi na jioni. Kila nikifika kukagua, huyo! Mi majanini. Leo nimekagua simenti nikiwa ndani ya matete, mgongo nimeugeuza. Siwezi kusema nimeona mengi.

Mafundi wanaulizana prezida ana ugonjwa gani. Alfani amewaambia ninaogopa nyundo. Anatoa amri mahali pangu, kifua mbele. Tena ananitazama ninavyoruka, anatabasamu. Watu wake wametoka Maniema na desturi yetu si yake, lakini anaijua. Waluba wangapi amewabeba kwenye kamio lile, kila mmoja na hadithi ya mkwe wake! Lile tabasamu silipendi.

Hata hivyo buvette imepata paa. Nimejaribu kukaa ndani. Inanifaa.

Yenga, tarehe 15

Naandika nimejifunga blanketi. Nguo ziko nje, Bilonda amekataa kuziingiza.

Watu walijaa! Fanfare, bendera, daraja linang'aa kwa chokaa. Nilivaa kofia ya prezida, niliyojishonea mwenyewe. Administrateur alikuwa ng'ambo yetu ya bustani, amekaa kitini. Alfani akamwinamia sikioni. Muzungu akafurahi, akasimama, akatangaza: hakuna kukata utepe. Prezida atatoka upande huu, mama mkubwa wa mashimo atatoka upande ule, wakutane katikati ya daraja na kushikana mikono mbele ya wote. Nikauliza mama mkubwa ni nani. Nilijua. Fanfare ikaanza.

Nitakataaje mbele ya muzungu na fanfare? Nikaenda. Nikaangalia viatu vyangu tu, mpaka mbele ya viatu nikaona ncha ya kitenge cha bluu. Kitenge kikasimama. Naye alikuwa amejifunika uso, maskini. Nikataka kurudi nyuma. Nyuma yangu yuko Alfani, makamu, amenifuata na waimbaji wote mstari mmoja. Nyuma ya mama, kina mama wa mashimo, wote wameshaingia darajani. Kwetu mdogo ndiye anayetoka njiani. Kushoto ukingo, kulia ukingo, upana wa mtu mmoja. Nilichora mwenyewe.

Basi nikapanda ukingo, nikatoka njiani.

Chini hapakuwa na maji ya mto. Palikuwa na shimo la mihogo, imelainika vizuri, imefika siku yake. Nikazama mpaka kifuani. Kofia ya prezida ikaangukia kijitoni pembeni, ikaondoka peke yake kuelekea Lualaba. Na ile harufu niliyoisema mkutanoni, jamani, sikuwa nimeisema hata nusu.

Mara mabibi wa Kasai wakapasua vigelegele ng'ambo zote mbili. Mukwe wa kweli! Mukwe wa zamani! Administrateur akadhani ndivyo tunavyobariki daraja. Akapiga makofi, akauliza na makamu anaingia lini. Watu wote wa Dilala, kwa mara ya kwanza tangu tarehe 1, wakakubaliana neno moja. Wakamsukuma Alfani na kanzu yake nyeupe. Alitua karibu nami. Tukatazamana. Nikamkaribisha.

Mama mkwe alikuwa bado amesimama pale juu. Kwa desturi hawezi kusema nami. Akaugeukia ukingo wa daraja, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Bilonda, ambia ule mutu iko mu shimo: ile mihogo anakalia, njo ilikuwa bukari yake ya leo."

Kisha akavuka, mgongo umenyooka, akashikana mikono na Administrateur kama aliyezoea. Bustani imefunguliwa. Mashimo yamebaki. Nimeshinda!

Kazi moja, tarehe 16

Bilonda ametoka kwa mama yake, anacheka na kujifuta macho. Mama hakulala. Anasema amezaa, amezika, amesafiri kutoka Kasai mpaka huku, wala hajaona mtu akimheshimu namna ile mbele ya watu wote, mpaka kuharibu tai yake. Mashimo anayo, unga anao, hahitaji msaada wa mtu. Ila ametuma neno, na Bilonda amelirudia kama alivyopewa:

"Nikiwa na mukwe wa vile, nitazeekea kwa nani ingine?"

Anahamia kwetu siku ya posho. Na mukeka wake.

Nilikaa chini. Hapa Kolwezi hakuna aliyewahi kuniona mtu wa maana kiasi hicho, na aliyeniona ni yule nisiyeweza kumtazama. Nililia kidogo. Nusu kwa furaha, nusu nikifikiria ule mlango mmoja.

Lakini prezida hashindwi. Nimekwisha kuchora. Fundi atapanua dirisha, na nje nitaweka ngazi, nitoke na kuingia bila kumkera mama. Mbao za kijito zimebaki chache, na buvette bado inataka kaunta, kwa hiyo ngazi nimeifanya nyembamba, ya mtu mmoja. Bilonda ameitazama karatasi muda mrefu. Ameniuliza, siku mama akiwa pale kwenye kinu anatwanga, na mi niko juu ya ngazi nashuka, itakuwaje.

Nimemwambia watu wa nyumba hii wana adabu. Mmoja atampisha mwingine.