Mgongo wa Mume Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Ndoa bado mbichi, raha tupu! Asubuhi Asali wangu alinibeba kutoka jikoni hadi mlangoni, eti nisikanyage maji. Fundi mwashi, mabega mapana kama mlango! Nikafika dukani naelea.

Furaha ikaishia hapo. Mtaani kwetu maduka ya magodoro yamebanana, magodoro ni yale yale, bei zile zile. Muuzaji wa duka la jirani, tunayemwita Kipaza, amenunua spika mpya. Watu wanaingia kwake kumsihi anyamaze, wanatoka na godoro. Bosi akaniuliza kama nimekuja kuuza au kutabasamu. Nikasema vyote. Hakucheka.

Nimewaza. Kipaza ana spika. Mimi nina mapenzi. Basi nitauza kwa mapenzi!

Jumanne, 4 Juni

Mpango umejibu! Aliingia mama mmoja wa heshima zake. Mwingine angemhesabia unene wa sponji. Mimi nikamsimulia mume wangu. Nikasema maskini, mgongo ulikuwa mbovu, ndoo ya maji hanyanyui, hata soksi namvalisha mimi. Nikamlaza kwenye godoro hili hili, sasa anaruka kama swala!

(Uongo mtupu. Asali hajawahi kuumwa hata kidole. Nyumbani tunalalia godoro kuukuu la mama mkwe, lina bonde katikati. Nalipenda lile bonde. Linatukutanisha.)

Mama akafuta machozi, akanunua mawili. Akasema mumewe atayafuata Jumamosi na pikapu. Akauliza wangu anafanya kazi gani. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mwashi, Alhamisi anaanza kujenga ghorofa jipya karibu na stendi. Akasema, "Ahaa." Kipaza alikuwa anachungulia, roho inamuuma. Na imuume!

Alhamisi, 6 Juni

Ole wangu! Mumewe ndiye mkandarasi wa lile ghorofa.

Asali alifika na mwiko wake, akapewa pole. Pole ya nini? Ya mgongo! Akaambiwa mgonjwa habebeshwi matofali, aende akapumzike. Akaapa kwamba ni mzima. Mkandarasi akasema anamwelewa, wanaume tunaficha, lakini mkeo kasema yote, mpaka habari za soksi.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliuliza tu kwa upole: "Mke wangu, soksi umezitoa wapi? Mimi hata soksi sina."

Nimelia mpaka mto umelowa. Kazi ile tuliipangia maisha: mwaka mzima wa ujenzi, halafu tuhamie penye chumba cha pili, cha mtoto. Jioni wifi yangu alipita akasema kaka yake hakuoa mke, ameoa redio.

Ijumaa, 7 Juni

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nitayazoa! Kesho mkandarasi na mkewe wanachukua magodoro yao. Asali atayabeba yote mawili kwa mpigo, mbele ya macho yao. Yeye akasema hataki maigizo, ataongea na mkandarasi kiume. Nikamtazama kwa yale macho yangu. Akakubali. Ananipenda mno!

Jumamosi, 8 Juni

Aliyabeba! Kichwani, mpaka kwenye pikapu, bila kuhema. Mkandarasi akacheka, akasema kumbe jamaa ni simba, Jumatatu aje kazini.

Hapo ningenyamaza. Ee Mungu, ningenyamaza tu!

Lakini Kipaza akatangaza kwenye spika kwamba magodoro ya jirani ni mepesi, hata mgonjwa anabeba. Ningevumiliaje? Nikamwambia Asali anyanyue lile zito la springi, na mimi nikiwa nimekaa juu yake. Akasita. Nikamwambia, kwa ajili yangu.

Akanyanyua. Ikasikika ka!

Jumapili, 9 Juni

Asali amelala chali, hawezi kugeuka. Daktari amemkataza kunyanyua chochote mpaka atakapomruhusu. Mkandarasi ametuma salamu, amechukua mwashi mwingine.

Najuta! Nimempigia magoti. Akasema amenisamehe, mradi nisilitaje jina lake tena dukani. Nimeapa.

Kisha nikakaa, nikafikiri. Juzi nilikuwa mwongo. Leo nina mgonjwa halali, mwenye cheti cha daktari! Kipaza atampata wapi wake?

Nimeshamtumia bosi ujumbe: kesho atoe mito yote dirishani, panatosha godoro la futi sita na mume mmoja. Watu waje wenyewe wamwone anavyopona.

Jina lake sitalitaja. Mimi na viapo vyangu sichezi.