Damu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhalilishwa! Mimi, kinyozi niliyenyoa mabaharia wa mataifa ambayo hata kuyatamka siwezi! Kisa? Nilimnyoa mteja upande mmoja, nikatoka kusikiliza ugomvi wa majirani, nikaenda zangu nyumbani kula. Kumbe kanifuata mpaka mlangoni na nusu ya nywele zake. Mke wangu hakucheka. Kasema figo zangu zinaumwa tangu mwaka juzi, sasa kichwa nacho kinafuata. Twende hospitali. Nikikutwa na kasoro kichwani, wembe na ufunguo wa saluni anampa kaka yake. Shemeji! Yule wa kiti cha pili, anayenyoa watu huku kaketi!

Jumatano, 5 Machi

Daktari ni kijana, ndevu zake hazina hata mstari. Kanieleza kuna protini moja kwenye damu. Figo zikichoka kuchuja, inapanda. Nyuzi za ubongo zikianza kuchakaa, inapanda pia. Bado wanaichunguza, ila kwa mtu wa figo kama mimi huenda ikaonya mapema. Nikamuuliza figo na ubongo wapi na wapi, mmoja mpangaji wa chini, mwingine wa ghorofani! Kajibu kwamba bomba lao ni moja. Hilo ni jibu la fundi bomba!

Damu itatolewa Ijumaa. Yangu sitoi. Damu yangu ni mbea, itasema kila kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Akili ni nywele, na mimi ndiye ninayezikata! Nimempa shemeji kadi yangu ya hospitali, akatolewe damu kwa jina langu. Mnyonyaji kadai kiti changu cha dirishani, chenye kioo kikubwa. Nikakubali. Kaenda akiburuta miguu, viatu havimwingii siku hizi kwa uvimbe. Nimemwambia huo ni uvivu, miguu isiyotumika hufura kama unga wenye hamira. Muuguzi kaita jina langu, shemeji kaitika. Kwisha kazi.

Jumatatu, 10 Machi

Uhaini! Daktari kasoma majibu, kavua miwani. Figo zimebaki kidogo sana, protini iko juu kupita kiasi. Mke wangu kalia njia nzima, tena ananishika mkono kuvuka barabara kama kipofu! Kaninyang'anya wembe mbele ya wateja. Kwa damu ya mtu mwingine! Shemeji kaupokea, kasimama dirishani, ananiita mgonjwa wetu, eti nipumzike.

Nilitaka kumcheka. Nikaitazama miguu yake. Jamani, mgonjwa ni yeye, na hajui.

Jumanne, 11 Machi

Nimesema yote. Mke wangu kanichapa kwa taulo la wateja. Daktari kanikaripia kama mtoto wa chekechea, eti nimechezea maisha ya watu wawili. Nimechezea! Nani kaugundua ugonjwa wa shemeji kama si mimi? Hata asante sikupewa.

Shemeji kalazwa. Nimekwenda kumnyoa ndevu kitandani, taratibu, kama bwana harusi. Kanishika mkono, kasema labda asingeuona mwaka ujao kama si ujinga wangu. Ujinga! Nimemsamehe, mgonjwa hasutwi. Nikatoka nje kidogo kufuta macho. Vumbi.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari anataka damu yangu mwenyewe kesho. Hadi majibu yatoke, wembe unalala chini ya mto wa mke wangu.

Basi nimeliona kosa langu. Nilichagua kwa undugu! Damu ya kuazima huchaguliwa kama tikitimaji, kwa kugonga kwanza. Nimemgonga seremala wa jirani: kifua kama mlango, miguu mikavu kama mbao zake. Muuguzi wa kesho ni mwingine, hanijui sura. Seremala kakubali papo hapo. Kaniuliza twende saa ngapi. Nikamwambia saa mbili asubuhi. Kapiga msumari mmoja, kaniuliza saa ngapi. Nikamwambia. Nimefika mlangoni, kaniita: eti kesho tunakwenda wapi vile?

Mtu makini kweli. Anapenda uhakika!