Matairi Mawili, Kwato Nne

Naryn, 22 Novemba

Kwa Mhariri wa gazeti la Sauti ya Bonde

Ndugu Mhariri,

"Matairi ya baridi ni ugonjwa wa watu wa mjini. Gari huvutwa na magurudumu mawili, kwa hiyo mawili yakivaa ya baridi inatosha. Tena tunayavaa theluji ikishalala chini, si kabla. Kabla ya safari tunaomba dua, na mpaka leo sijaua mtu."

Hayo ni maneno ya mwenyekiti wa madereva wa stendi ya juu, baike Ysmanaaly Duishekeev, katika toleo lako la Ijumaa iliyopita. Uliyachapa kwa herufi nene bila kumuuliza swali hata moja. Namwita baike, yaani kaka mkubwa, kwa sababu amenizidi miaka sita na nilifundishwa adabu. Nimefundisha fizikia miaka ishirini na saba, na sijawahi kuona mtu aliyelifupisha somo hilo namna hiyo. Basi sikuja kumpinga. Nimekuja kulalamika kwamba busara yake inatumika nusu, na kuomba itumike yote.

Kwanza kisa chenyewe. Tarehe tano mwezi huu Begaiym, mke wa mwanangu, akiwa na mimba ya miezi minane na shinikizo la damu, alipanda gari la mwenyekiti huyohuyo kwenda hospitali Bishkek. Hapa mjini jua liliwaka, na madereva walikuwa wanacheza karata bila kofia. Kule juu, kwenye kipito cha mlima wa Dolon, maji yaliyotiririka barabarani mchana wa jana yake yalikuwa yameganda. Gari lilivaa matairi ya baridi mbele, ambayo hayakuvuliwa tangu mwaka jana, na ya kiangazi nyuma. Walipoanza kushuka, mwenyekiti akakanyaga breki. Mbele kukashika, nyuma kukakataa, na kitako cha gari kikaamua kuongoza msafara. Lilizunguka mara moja na nusu, likasimama gurudumu moja la nyuma likiwa hewani. Abiria walitoka mmoja mmoja kwa mlango wa upande wa mlima, wakiogopa hata kupumua. Begaiym alikaa juu ya begi lake pembeni mwa barabara saa mbili nzima, mpaka lori la mchanga lilipofika kulivuta gari.

"Unalia nini, binti?" mwenyekiti alimuuliza. "Si tuko wazima? Utamsimulia mtoto!"

Mtoto alizaliwa tarehe nane, wa kike, kilo mbili na robo. Siku zake arobaini zinakwisha tarehe kumi na nane Desemba, na hapo atarudi nyumbani kwa barabara hiyohiyo. Ndiyo maana naandika sasa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nalalamikia viatu. Kama magurudumu mawili yakivalishwa inatosha, mbona mwenyekiti huvaa buti za manyoya miguu yote miwili? Anayetembea hujisukuma kwa mguu mmoja kwa zamu. Naomba majira haya avae buti mguu wa kulia na kandambili mguu wa kushoto, kisha ashuke ngazi za posta zikiwa na barafu, sote tukitazama.

2. Naulalamikia mlima. Mwenyekiti anangoja theluji, lakini mpira hauingoji. Joto likishuka chini ya nyuzi saba, tairi la kiangazi huanza kukakamaa, na likifika kwenye barafu linakuwa ubao. La baridi hubaki laini, na ile mikato yake midogo huing'ata barabara. Ndiyo kusema tairi hubadilishwa kwa kutazama kipimajoto, si kwa kutazama dirishani, na sisi asubuhi za mwezi wa kumi tayari tuko nyuzi tatu. Lakini kwa kuwa mwenyekiti hakosei, mkosaji ni mlima. Naomba Dolon ipewe onyo kwa maandishi kwamba isigandishe chochote mpaka stendini waione theluji na wamalize karata.

3. Nalalamikia ubahili katika dua. Mimi pia sitoki nyumbani bila kuinua viganja na kuvipitisha usoni. Lakini kwa nini Mungu apewe magurudumu ya nyuma tu, na ya mbele yapewe mpira? Dua ikitosha nyuma, itatosha na mbele, na kwenye breki, na kwenye usukani. Naomba mwenyekiti aendeshe kutoka hapa hadi Bishkek viganja vyote viwili vikiwa juu.

Hilo nilimwambia ana kwa ana, stendini. Akageukia wenzake. "Mnamsikia dada yetu, eje Kalima? Kama elimu ndiyo inayopandisha gari mlimani, mbona walimu wote wanatembea kwa miguu?" Walicheka mpaka karata zikawaanguka. Nami nilicheka, kwa sababu ilikuwa nzuri. Kisha nikakumbuka jambo, nikaacha kucheka.

4. Nalalamikia farasi. Tarehe ishirini Oktoba, kabla hata chembe ya theluji haijaanguka, nilimkuta mwenyekiti kwa mhunzi. Alikuwa amempeleka yule farasi wake wa kijivu, anayempanda kwenye mchezo wa kugombea mzoga wa mbuzi na ambaye humfanya bwana wake aonekane kijana. Mhunzi alikuwa anampigilia viatu vya chuma vyenye meno ya barafu. Akamaliza miguu ya mbele, akahamia ya nyuma.

"Baike," nikamuuliza, "mbona kwato zote nne?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa upumbavu. "Eje, akiteleza nyuma si atavunjika kiuno? Huyu ana roho!"

"Na mbona mapema hivi?"

"Barafu ya kwanza ndiyo mbaya. Huioni."

Ndugu Mhariri, hakuna kilichobaki kufundishwa. Anajua kwa nini, anajua lini, anajua na idadi. Anajua kuliko kitabu changu cha darasa la nane. Ila anajua kwa ajili ya farasi.

5. Kwa hiyo naomba rasmi farasi huyo aingizwe kwenye foleni ya stendi, abebe wajawazito, wagonjwa na watoto wachanga. Mwenyekiti naye aende kugombea mbuzi uwanjani akiwa ndani ya gari lake. Na kama farasi hawezi kutolewa kwa kazi hiyo, basi Begaiym na mwanawe waandikishwe kuwa mifugo ya mwenyekiti kabla ya tarehe kumi na nane. Hapo nitalala usingizi.

Nisalimie wapiga chapa wako, wenye macho ya kustahimili hati yangu. Mke wa mwenyekiti naye nisalimie, maana mandazi yake ya siagi nimekula miaka mingi na sina ugomvi nayo. Na mhunzi, fundi pekee mjini anayemaliza kazi pande zote.

Wako kwa heshima, na kwa hasira,
Kalima Sooronkulova
Mwalimu wa fizikia

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Begaiym kwa simu. Akasema, "Mama, hukuandika nani alinipandisha." Ni mimi. Asubuhi ile palikuwa na gari jingine stendini, la dereva Toktosun, limevaa ya baridi yote manne tangu mwanzo wa Oktoba. Lilikuwa bado watu watatu lijae. La mwenyekiti lilibakiza mtu mmoja liondoke. Begaiym alitaka tungoje. "Ingia bwana," nilimwambia, "nina kipindi saa tatu." Sikuinama kutazama gurudumu hata moja. Basi, Ndugu Mhariri, yafute malalamiko yote matano, au yachape ukiweka jina langu palipo na la mwenyekiti. Lakini ninyi kina mama wakwe wa Naryn mnaowasindikiza wake wa wanenu stendini, haya msiyafute: inameni. Shikeni matairi yote manne kwa mkono wenu. Likiwemo hata moja gumu kama ubao, mshusheni binti na begi lake, mkae naye mngoje gari jingine, hata kama litaondoka kesho.