Nilivyomsifu Marehemu Nisiyemjua

Nimeumbuka leo, jamani, na nimeumbukia msibani. Msiba wenyewe wala haunihusu. Nasimulia mwenyewe kabla Rehema hajawasimulia, maana yule ataongeza chumvi mpaka msinitambue.

Kilichonileta huku mnakijua. Miaka yote pale Muheza nilifundisha historia ya Ulaya, nachora ubaoni makanisa na ngome ambazo sijawahi kuziona. Nilipostaafu nikasema, haya, sasa naenda kuziangalia kwa macho yangu. Begi mgongoni, raba miguuni, na umri wangu huu huu. (Mama Neema, uliniita kichaa. Nilisikia.) Nimepita Roma, nimepita Paris, nimepita Berlin, kwa mabasi na treni za bei nafuu, nalala hosteli na vijana ambao ningeweza kuwa bibi yao. Majengo nimeyaangalia mpaka shingo inauma. Lakini watu? Hakuna! Nilimsalimia baba mmoja kwenye treni, akahama kiti. Mkanitania humu kwenye kundi eti Mwalimu amekwenda kutembelea mawe. Iliniuma, siwafichi. Nikaapa sirudi Tanga kabla sijaketi na wenyeji wa Ulaya, hata wawili tu, tukanywa chai, tukazungumza. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Kesho napanda ndege.

Nimefikia Edmonton, London, kwa Rehema, mtoto wa kaka yangu. Yeye kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi alikuwa mbiombio, mkate mdomoni, anatafuta funguo.

"Shangazi, leo nina long shift, nitachelewa. Kuna kanisa la zamani hapo nyuma ya high street, ile barabara ya maduka. Ni historia tupu, na kuingia ni free."

"Nitapata watu wa kuzungumza nao?"

"Shangazi! Hapa watu hawazungumzishwi hovyo. Angalia jengo, piga picha, rudi nyumbani."

Mwanawe Ethan akadakia, "Bibi, please, don't say hi to everyone." (Kiswahili anakisikia chote, hata ukimsengenya. Kukijibu ndiyo kazi.)

Nikaenda. Kanisa zuri kweli, mawe matupu, baridi yake inaingia mpaka kwenye magoti. Ndani kuna kaburi la shujaa mmoja wa zamani. Amechongwa kwenye jiwe, amelala chali na mkewe ubavuni, mbwa miguuni. Nilikuwa nimeinama nampiga picha yule mbwa, mara mlango mkubwa ukafunguliwa. Wakaingia wanaume wenye makoti meusi, wamebeba jeneza.

Nikasimama wima. Nikangoja wafiwa waingie. Akaingia mwanamke mmoja wa makamo, gauni jeusi. Nyuma yake bibi kizee mwenye fimbo. Nyuma yake mwanamume anayechezea simu. Halafu mlango ukafungwa.

Nikadhani wengine wako nje wanaegesha magari. Nikaenda kuchungulia. Hakuna mtu! Jamani, watu watatu? Pale Muheza yule bwana aliyekuwa akituibia kuku tulimzika mpaka barabara ikafungika. Tulimsema, ndiyo, lakini tulikwenda.

Sasa niambieni ukweli, ninyi mngefanya nini? Maiti ameletwa, wewe umo ndani ya kanisa hilo hilo, uendelee kumpiga picha mbwa wa jiwe? Mimi siwezi. Nikafungua begi, nikatoa kanga zangu, moja kiunoni, moja mabegani, nikaenda kukaa safu ya pili, nyuma tu ya wafiwa. Moyo ulinituma na mpaka sasa siulaumu.

Kinanda kikaanza. Wimbo naujua! Ni ule ule tunaoimba kwetu, tuni ile ile, wao maneno yao, sisi yetu. Wale watatu walikuwa wakinong'ona ndani ya vitabu vyao. Mimi ni mtu wa kwaya ya akina mama, sauti yangu mnaijua. Nikaimba kwa Kiswahili, beti zote, bila kitabu. Padre akainua kichwa. Yule mwanamume akaweka simu mfukoni.

Nikalia pia. Sikuigiza. Nilimkumbuka mume wangu, na jinsi watu walivyojaa uani kwetu siku ile mpaka tukaazima viti shuleni. Nikamwonea huruma huyu mzee (padre alimtaja, Norman) ambaye hata safu moja hakuijaza. Ibada ikaisha haraka. Padre akatangaza kwamba marehemu aliagiza achomwe bila kusindikizwa na mtu. Hapo ningeshtuka kwamba huyu mzee ana mambo yake. Sikushtuka.

Mlangoni nikampa mkono yule mwenye gauni jeusi, mikono yote miwili, nikamwambia pole sana. Akanishika, hakuniachia.

"Bila shaka ni wewe! Mimi Susan, binti yake. Asante kwa yote uliyomfanyia baba."

Nikajua anasifu ule wimbo. Nikamjibu, "Si kitu, mwanangu. Ni wajibu."

Macho yakamjaa machozi. "Utakuja kunywa chai nasi ukumbini?"

Nyie! Mzungu ananikaribisha chai, siku yangu ya mwisho! Nilitamani kupiga vigelegele, nikakumbuka tuko wapi.

Ukumbini kulikuwa na mkate uliokatwa pembe tatu, maganda yote yametolewa, na matango ndani. (Matango tu. Nilifunua vipande vingi kutafuta nyama.) Yule bibi mwenye fimbo alikuwa anahangaika na birika peke yake. Mwanamke mzima nikae kitini msibani, nihudumiwe na bibi kizee? Nikaweka begi chini, nikamnyang'anya birika, nikamimina chai, nikagawa. Nilipofika kwake akanikazia macho.

"Mimi Doreen, jirani yake. Hivi uliwezaje na yule mtu?"

Nikadhani anauliza uchungu wa kufiwa. "Mungu hutupa nguvu," nikasema.

"Ilikupasa kupewa nyingi," akajibu.

Mara Susan akagonga kikombe kwa kijiko. Akasema yeye anaishi Australia, hakuwa karibu na baba yake kwa muda mrefu, waliachana vibaya. Akasema, lakini yupo hapa mtu aliyekaa naye mpaka siku ya mwisho, aliyemlisha na kumwogesha. "Ningependa kusikia kutoka kwake alivyokuwa."

Wote wakanitazama. Nikageuka nyuma kuona wanamtazama nani. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Hapo ndipo nilipoelewa. Na hapo ndipo nilipotakiwa kusema samahani, mimi mtalii. Najua! Msiniandikie. Lakini mngemwona yule binti alivyosimama na kikombe chake, ametoka upande wa pili wa dunia anangoja kuambiwa jambo moja zuri kuhusu baba yake. Na mimi ni mwalimu. Tangu nizaliwe sijawahi kupewa nafasi ya kusema nikaikataa. Basi nikasimama, birika mkononi, nikasema yanayosemwa. Sikusema nimemuuguza, hilo mliandike. Nilisema yale ambayo sote husema juu ya kila maiti.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu."

Mtu akakohoa.

"Alikuwa mcheshi. Hakuwa na makuu. Mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu."

Doreen akaweka kikombe chini taratibu. Mimi nikazidi kupamba moto.

"Hakuwahi kugombana na jirani hata mmoja."

Yule mwanamume wa simu akapaliwa na tango. Ningenyamaza hapo! Lakini ulimi ulikuwa umeshashika njia.

"Na zaidi ya yote, marehemu aliwapenda sana watoto."

Doreen akasema, "Norman?"

"Norman huyu huyu?" akauliza yule mwanamume, kumbe naye jirani. "Aliyetoboa mipira ya wanangu wote kwa kisu cha mkate?"

"Aliyenipeleka mahakamani kwa sababu ya mti wa maua?" akasema Doreen, mabega yameanza kumtikisika.

Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Akaingia kijana wa Kizungu, kofia ya baiskeli kichwani, jasho linamtiririka.

"Samahanini sana, nimecheleweshwa kazini. Mimi Callum. Ndiye niliyekuwa namhudumia Norman."

Jamani. Susan akamtazama Callum. Akanitazama mimi. Akamtazama Callum tena.

"Na wewe ni nani?"

Hebu nioneni. Kanga kiunoni, birika la watu mkononi, begi langu limekaa katikati ya ukumbi, na chupa ya maji inaning'inia. Kiingereza chote nilichosahihisha kwenye madaftari ya wanafunzi kikakatika kama uzi.

"Mimi mtalii," nikasema. "Nilikuwa nampiga picha mbwa."

Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka. Susan akaiva uso mpaka masikio.

"Nilidhani... nilivyokuona tu, nikadhani..."

Hakuimaliza. Na hapo, rafiki zangu, aibu ikanitoka, hasira ikaingia. Nikaimalizia mimi, kwa sauti ile ya darasani.

"Uliniona mweusi, ukajua nimekuja na kazi ya kumwogesha baba yako. Hukuniuliza hata jina. Na mimi niliona watu watatu nyuma ya jeneza, nikaingia bila kuuliza. Tumekosea wote wawili."

Akainamisha kichwa. "Nimekosea," akasema. "Nisamehe. Lakini kwa nini uliingia?"

"Kwetu mtu haachwi azikwe hivi. Hata angekuwa mwizi wa kuku."

Basi akaanza kucheka. Kicheko kile kikageuka kilio, kilio kikubwa chenye kwikwi, na nina hakika ndicho alichokuwa amekibana tangu ashuke kwenye ndege. Nikaweka birika chini, nikamkumbatia, nikampigapiga mgongo tunavyofanya. Hakuna aliyeniuliza nimealikwa na nani.

Alipotulia akamgeukia Callum. "Sema ukweli. Alikuwaje?"

Callum akavua ile kofia. "Alikuwa mkali mno. Alinirushia bakuli la uji, mara zaidi ya moja. Ila kila jioni nikiondoka alikuwa anauliza kama taa za baiskeli yangu zinawaka. Asiponisikia nikijibu, haniruhusu kutoka."

Susan akaishika hiyo habari. Akamwomba airudie, naye akairudia. Kumbe uongo wangu wote ule, na uhodari wangu wote wa kusema, haukufikia zile taa za baiskeli. Nilijisikia mdogo, nakiri, kisha nikaenda kuchemsha maji mengine.

Baada ya hapo hapakukalika! Doreen akasimulia kesi ya mti. Yule mwanamume akasimulia mipira. Susan akasimulia Krismasi ambayo baba yake alifunga mlango akazima taa asiingie mgeni. Tulicheka mpaka padre akaja kuangalia kuna nini, naye akaketi. Wakaniuliza kwetu misiba huwaje, nikawaeleza maturubai, masufuria, akina mama wanaolala sebuleni kwa mfiwa. Doreen akaniuliza, "Wote hao wanamjua marehemu?" Nikamwambia wengine wanamjua mfiwa, wengine wanaijua njia tu. Akasema angependa kufa Muheza. Nikamwambia karibu sana, ila asiharakishe.

Nimeketi na wenyeji wa Ulaya, mwandike hivyo. Na sikuketi na wawili. Niliketi na watano ukimhesabu padre, na mawe yalikuwa nje.

Nimerudi nyumbani, Rehema naye amerudi amechoka. Nikamsimulia. Akakaa chini kwenye ngazi.

"Shangazi! Umeingia funeral ya mtu bila invitation?"

"Tangu lini msiba ukawa na kadi?"

"Na ukatoa speech?"

"Niliombwa."

Akamwita Ethan aje asikie, na mpaka sasa ninavyoandika wamelala sakafuni wote wawili wanashika mbavu. Ethan anarudia lile la watoto, tena kwa Kiswahili, maneno yote kayashika! Kumbe anaweza.

Haya, nimemaliza. Mimi sijuti. Kesho asubuhi, kabla ya ndege, nikipita pale nikaona jeneza jingine lina watu watatu, naingia. Nanyi naombeni asicheke mtu. Atakayecheka akumbuke kwamba mimi misiba sikosi, na msiba wake ukifika nitaombwa niseme neno, na safari hii nitasema ukweli.