Balozi wa Reli ya Karanga

Jumatatu, 2 Novemba 2009

Timu ya Ruangwa haitatushambulia hadi mchezo ufungwe Jumapili. Kauli hiyo imetolewa leo mchana na Mwalimu Dionisia, kiongozi wa timu yetu, akiwa kwenye kompyuta ya dirishani kwa Bibie, mwenye kibanda cha intaneti karibu na soko la Nachingwea.

Maelezo mafupi, nikija kusahau. Mchezo unaitwa Himaya. Unachezwa mtandaoni na watu wa nchi nyingi. Unaanza na kijiji chenye ghala moja, unajenga ukuta, unaunda jeshi, unaporwa, unaanza upya. Sisi ni Reli ya Karanga, kwa ile reli ya zamani ya mradi wa karanga. Ruangwa wanaitwa Mbwemkuru. Wao wengi, sisi wachache. Tumesalimika msimu mzima kwa sababu moja: mimi Myao, na kiongozi wao, Ladislaus, ni Mmwera. Watani. Mtani humpigi. Unamtukana tu, naye anakutukana, maisha yanaendelea.

Mwalimu amekuwa akijenga mji mmoja tangu Februari. Ameuita Mkotokuyana, kwao alikozaliwa. Ukuta wake umefika ngazi ya mwisho. Januari anahamishiwa Sumbawanga, na anasema anataka jambo moja tu kabla hajafunga mizigo: mchezo ufungwe mji ukiwa umesimama.

Cheo changu ni Msemaji. Nataka Balozi. Nimemweleza kwamba amani ya hadi Jumapili ni ndogo mno kwa mwandishi wa habari wa uzoefu wangu, tutafute mkataba wa msimu ujao pia. Bila kugeuza kichwa, amesema nisimwandikie mtu yeyote wa Ruangwa habari yoyote hadi mchezo uishe. Akauliza, Mwandishi, umenisikia? Nimemsikia vizuri.

Hakutaja salamu.

Jumanne, 3 Novemba

Nimetuma salamu. Kwa Ladislaus, kupitia sanduku la ujumbe la mchezo. Nanukuu: "Mtumwa wangu Ladislaus, nasikia jeshi lako linaogopa kuku. Jumapili nakuja Ruangwa kukuzika mwenyewe. Sitasubiri ufe, kusubiri ni hasara. Andaa shimo, mimi nakuja na sanda."

Fupi. Ya kindugu. Ataisoma, atacheka hadi ashike ukuta, kisha atanijibu kwamba reli yetu waliijenga Wazungu ikang'olewa kwa aibu, kama anavyojibu kila mara. Kwenye kicheko hicho hicho napenyeza mkataba. Mpango safi kabisa!

Baadaye. Jibu limefika. Halina kicheko.

"Ndugu Mwandishi, barua yako ya leo yahusika. Vitisho vya mauaji dhidi ya kiongozi wetu vimepokelewa. Unatakiwa kuomba radhi kwa maandishi kabla ya kesho jioni. Ukishindwa, hatua zitachukuliwa."

Ladislaus hajawahi kuandika "yahusika" maishani mwake.

Bibie ndiye aliyenipa ukweli, huku akipangusa skrini kwa kanga. Ladislaus yuko shambani, kando ya mto Mbwemkuru, anaokota korosho, simu huko haishiki. Akaunti ameiacha kwa makamu wake, Fortunatus, afisa aliyehamishiwa Ruangwa mwaka huu kutoka Bukoba. Upande huu wa nchi hana mtani hata wa kuazima. Bibie akauliza, kaka Nuhu, ina maana umetishia kumzika Mhaya akiwa hai? Nikasema sikumtishia Mhaya, nilimtishia Mmwera. Akasema sawa, ila aliyesoma ni Mhaya.

Jumatano, 4 Novemba

Fortunatus ameridhika. Amethibitisha mwenyewe kwa maandishi: "Radhi imepokelewa. Suala limefungwa."

Natunza hapa jinsi kazi ilivyofanyika, maana watu husahau wanaowaokoa. Nimeandika taarifa kamili. Nimewaomba radhi Ndugu Ladislaus, Ndugu Fortunatus, familia zao na wananchi wa Ruangwa. Nimesema maneno yangu hayakuwa ya kiungwana na hayatarudiwa. Kisha, ili pasiwe na shaka, nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa mchezo, mahali inaposomwa na kila timu.

Mwalimu amefika saa za jioni akitoka shule, daftari za wanafunzi kwapani. Amesoma barua ya kwanza. Amesoma ya pili. Akaniuliza kama kuna kitu nilichoambiwa Jumatatu ambacho hakikueleweka. Nimemjulisha kwamba mgogoro umezaliwa na kuzikwa ndani ya siku mbili, na kwamba timu nyingine zinalipa watu kwa huduma hiyo. Akasema afadhali ungezikwa wewe.

Nimeichukulia kama dalili njema. Mwalimu hanitanii mara kwa mara.

Suala la ubalozi nitalileta kesho, akishapumzika.

Alhamisi, 5 Novemba

Ladislaus ametoka shamba. Amepiga simu asubuhi. Alianza hivi: "Bwana Nuhu, habari za kazi."

Bwana! Huyu mtu ananiita maiti tangu tufahamiane!

Alikuwa na sauti ya ofisini. Alisema ameisoma radhi yangu ubaoni, na Ruangwa nzima imeisoma, hadi mama yake mzazi amesomewa. Akasema babu yake na babu yangu wametukanana hadi mmoja akaingia kaburini, na aliyebaki akaendelea kutukana pale pale makaburini, hakuna aliyesema samahani. Anayeomba radhi ni mtu baki. Yeye na mtu baki hawana mapatano yoyote.

Nikamwuliza, na mkataba wetu je? Akauliza upi. Hatukuandikiana. Ulikuwa ndani ya utani, na utani nimeufuta mwenyewe kwa maandishi, tena mbele ya watu wa nchi za nje.

Jeshi lake lilikwishatoka kabla hajapiga simu; alimwagiza Fortunatus alitume. Kwa mwendo wa ramani ya mchezo, litafika Mkotokuyana keshokutwa mchana. Tukiweka askari wetu wote ukutani, hawajai hata upande mmoja.

Nilimpigia tena palepale nikamtukana kwa moyo wote. Alisikiliza. Akasema, sasa hayo ndiyo matusi, akakata simu.

Mwalimu amepata habari wakati wa mapumziko. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni kwa Bibie, chaki bado vidoleni, akiangalia mji wake kwenye skrini. Kisha akasema utani uliovunjwa hutengenezwa kwa faini, hilo hata watoto wanajua. Nipeleke kuku Ruangwa kesho, nimkabidhi Ladislaus mkononi, nifunge mdomo, nirudi.

Maagizo manne. Matatu yanatekelezeka.

Ijumaa, 6 Novemba

Nimekwenda Ruangwa kwa bodaboda na kuku mapajani. Dereva alilalamika njia nzima kwamba kuku anamkodolea macho kwenye kioo. Kabla ya kufika, kuku ametaga.

Ladislaus nilimkuta nje ya duka la pembejeo. Alimpokea kuku, akampima uzito kwa mkono, akauliza kama huyu ndiye mwenye afya kuliko wote katika ukoo wetu. Akadai na yai. Nikasema yai ni la Nachingwea, faini ilikuwa kuku peke yake. Akasema limetagwa ndani ya mpaka wa Ruangwa, dereva ni shahidi. Dereva akasema kweli. Nikaridhia. Lilikuwa limekwishapasukia mfukoni.

Ndipo alipocheka. Alicheka akainama. Akaniita maiti, akaniita mzigo wa reli uliosahaulika stesheni. Nilijisikia vizuri kupita kiasi.

Akasema twende tukalirudishe jeshi. Intaneti ya uhakika Ruangwa iko kwenye ofisi ya Fortunatus, yenye dishi juu ya paa. Fortunatus alitupokea kwa adabu. Amefunga tai katika jua hili. Alinipa kiti, akaniambia radhi yangu ameichapa na kuiweka kwenye jalada, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Ladislaus akamweleza kwamba mambo yamekwisha, jeshi lirudi. Fortunatus akasema hakuna tatizo. Akafungua ukurasa. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya.

Ladislaus, kwa furaha tu, akasema lirudi lisirudi ni sawa, maana askari wote wa Reli ya Karanga wangefukuzwa na huyu kuku.

Mtani huwezi kuliacha neno kama hilo lipite. Nilisimama. Nikasema mtumwa huyu namzika leo leo, humu humu ofisini, na huyu karani mwenye tai atanishikia jembe.

Mkono ukatoka kwenye kipanya.

Fortunatus alizungumza polepole. Alisema ana maandishi yangu kwamba maneno yale hayatarudiwa. Yamerudiwa, mbele yake, saa za kazi, na safari hii yeye mwenyewe amepangiwa zamu ya kuchimba. Ladislaus akampiga begani, akamwambia, wewe bwana, huu ni utani! Fortunatus akajibu kwamba tangu ahamie huku kila kitu anaambiwa ni utani, hata bomba lisipotoa maji. Akazima mashine. Akatutoa nje. Akafunga mlango kwa funguo mbili na kusema ofisi itafunguliwa Jumatatu.

Ladislaus hakubabaika. Alininong'oneza neno la siri la akaunti yake, nimpigie Mwalimu aingie kutoka Nachingwea alirudishe jeshi mwenyewe. Wazo zuri. Nikapiga. Mwalimu akajaribu. Limekataa. Akajaribu tena herufi moja moja, nami nikimtajia kwa sauti barabarani. Limekataa.

Fortunatus alilibadilisha Jumanne, kwa sababu za kiusalama. Yaani baada ya salamu zangu.

Tulimfuata nyumbani kwake. Alitupokea mlangoni, akasema mambo ya ofisi hayazungumzwi nyumbani, akamsifu kuku.

Jumamosi, 7 Novemba

Mkotokuyana umeanguka leo mchana. Nimeshuhudia.

Tulikuwa kwa Bibie. Mwalimu alihamisha chakula chote cha ghala kwenda vijiji vingine, kidogo kidogo, hadi dakika za mwisho. Aliweka askari wote ukutani. Kisha akakaa mikono mapajani. Ukurasa ulichelewa kufunguka, kama kawaida ya mtandao wetu. Ulipofunguka, jina la mji lilikuwa limekwishabadilishwa na Fortunatus, ambaye kumbe ofisi ameifunga kwetu tu. Sasa unaitwa Ofisi Ndogo.

Mwalimu aliliangalia lile jina. Akasema, Mwandishi, ule ukuta nimeupandisha miezi tisa. Nilikuwa nauandaa kwa ajili ya majeshi. Sikuuandaa kwa salamu.

Akamwomba Bibie azime mashine. Alisahau daftari za wanafunzi, ikabidi Bibie amkimbilie nazo.

Ladislaus alipiga simu jioni. Akacheka tangu mwanzo hadi mwisho. Alisema ametuma mtu aje kuchukua mabati ya mji wetu, na kwamba mwaka huu kaburi langu analichimba kwa mkopo. Nimemjibu inavyostahili. Tumeongea hadi salio lake likaisha.

Tathmini: uhusiano kati ya Nachingwea na Ruangwa umerejea kikamilifu, tena ni imara kuliko Jumatatu. Mji haupo.

Jumatatu, 9 Novemba

Msimu umefungwa jana. Mbwemkuru wa kumi na tisa duniani. Sisi hatukuorodheshwa. Matokeo yametangazwa na waendeshaji wa mchezo wenyewe.

Msimu mpya unaanza wiki ijayo. Mwalimu amesema atacheza hadi atakapoondoka, ataanza na kijiji chenye ghala moja kama kila mtu, na safari hii hatakiita jina lolote la kwao. Bibie akamwuliza kwa nini. Akasema hataki tena kuangalia kitu cha nyumbani kikibadilishwa jina.

Kuhusu mimi, amenivua usemaji. Amesema niruhusiwe kujenga ghala na kulima ngano tu, na mtu akinikuta karibu na sanduku la ujumbe, aite watu. Nimemwuliza kama hiyo inafunga na suala la ubalozi. Ametoka nje.

Nimekaa nikachambua. Kosa si salamu. Kosa si radhi wala kuku. Kosa ni kwamba Fortunatus ameachwa bila mtani, mtu mzima, mbali na kwao, na sisi tumekaa tu. Hakuna aliyefanya juhudi. Afisa wa namna ile akipata mtu wa kumtukana vizuri, atalainika kama wengine.

Nimeuliza huku na huku. Kuna mganga wa mifugo hapa Nachingwea, mgeni kama yeye, anayedai kuwa watu wa kwao na Wahaya wanataniana tangu enzi. Hajui kompyuta. Hilo halina shida, yeye atasema, mimi nitaandika.

Tunakutana Jumatano, tarehe 11, saa kumi jioni, nyuma ya ofisi yake. Rasimu ya kwanza tayari ninayo. Inaanza na mazishi.