Majaribio Matano ya Bella

Jumatano, 7 Januari 2026

Miaka thelathini na mitatu na miezi kumi tangu nitoke Molo. Ishirini na tisa kati ya hiyo nimeimaliza hapa Doha. Na leo nimepewa kazi tena! Mjukuu wangu Bella atafanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno, Nairobi. Ataufanyia hapahapa, Jumamosi ya tarehe 17. Mama yake, Carolyne, amemnunulia majaribio matano ya mtandaoni. Kila moja hufunguka mara moja tu. Carolyne yuko zamu hospitalini wiki nzima, akaniambia, Baba, mambo ya ratiba ni yako, yapangie siku. Nywila ninayo. Ratiba nimeichora kwa rula. Nzuri mno.

Alhamisi, 8 Januari

Chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, pamoja na Mutai, jirani wa ghorofa ya tatu. Naye ni wa Molo, ng'ambo ya barabara, upande uliotufukuza. Hilo hatulizungumzi. Tunacheza drafti. Leo kaniringia: mjukuu wake Trevor, wa mtihani huohuo, kamaliza majaribio yote matano tangu Krismasi. Wako je, Mzee Oloo, akauliza, bado anajifunza kupiga mswaki? Nikala kete yake kwa heshima zangu. Ila wazo limenijia.

Ijumaa, 9 Januari

Ibada huku ni Ijumaa. Nikasingizia goti. Bella alipotoka tu, nikafungua jaribio la kwanza. Kukagua tu! Miaka ishirini na minne nilitunza ghala kule Al Wakrah, na hakuna sanduku lililotoka mikononi mwangu bila kufunguliwa. Saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Haizimiki. Ningefanyaje? Nikajibu. Asilimia kumi na nne. Aibu! Nikafungua la pili ili nirekebishe.

Kumi na moja.

Jumamosi, 10 Januari

Balaa. Matokeo yamemfikia Carolyne, kwa jina la Bella, pamoja na ushauri kwamba mtahiniwa asubiri mwaka mmoja. Carolyne kalia jikoni na sare yake ya kazi. Kasema labda mtoto hayuko tayari, bora afute mtihani. Bella akaomba kuyaona majibu. Nikashika gazeti. Akakaa sana kwenye insha ya mwisho, ile inayomtaka mtahiniwa amweleze mgonjwa ambaye angependa kumtibu kwanza. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiswahili na koma zote mahali pake, habari za mzee anayecheka huku kafunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu meno yake mawili ya mbele yalibaki Molo siku aliyoondoka mbio.

Bella akaizima simu. Akamwambia mama yake alikuwa na usingizi, hatarudia. Carolyne katoa sharti: jaribio lijalo likipungua sabini, anafuta.

Gazeti lilikuwa la juzi.

Jumapili, 11 Januari

Nilitaka kukiri. Bella akanikamata koridoni. Babu, tulia, akasema, ukisema mathe atakunyang'anya simu, na nani atanishikia saa? Nikamwahidi sitafungua kitu chochote kisicho changu, milele.

Sasa kapungukiwa na majaribio mawili. Trevor aliyanakili yake daftarini. Nikashuka ghorofa ya tatu. Mutai akakubali, kwa sharti nifungwe drafti mara tatu mbele ya watu wa mkahawa. Nimefungwa mara tatu. Mbili za kwanza kwa makusudi.

Jumatano, 14 Januari

Bella kafanya jaribio la tatu chumbani. Mimi nje ya mlango na saa ya mezani mapajani. Sikugusa kitu. Sabini na nane! Carolyne kanikumbatia, kasema ratiba yangu imeokoa mtoto. Nimekubali sifa hizo.

Jumamosi, 17 Januari

Mtihani. Mutai katupeleka sote kwa gari lake. Vijana wakaingia, wazee tukabaki nje kwenye ukingo wa barabara. Mutai akasema wakipita wote wawili watakuwa kule pamoja, na siku moja watapanda basi hadi Molo kutazama. Alilitaja jina. Mara ya kwanza kwa miaka yote hii. Akatoa ubao wa drafti kwenye mfuko wa plastiki, akanipa kete nyeupe, ambazo huwa hampi mtu.

Alhamisi, 29 Januari

Ujumbe wa chuo umeingia asubuhi, Bella akiwa shuleni. Ni wake. Nikaufungua. Kukagua tu.

Amepita! Trevor pia, Mutai alipiga kelele hadi mlinzi akapanda. Jioni ikabidi nishangae upya. Carolyne anasema nilishangaa kupita kiasi. Bella alinitazama tu, akacheka. Kisha akanishika mkono. Babu, twende wote, akasema, nitaanza na meno yako. Nikamwambia meno yatamngoja hapahapa, aje likizo na vifaa vyake. Nilicheka, na kiganja nilikisahau mezani.

Nimeshamchorea ratiba ya mwaka wa kwanza. Nywila yake mpya nimeiona. Bella anaondoka Agosti. Mimi sitarudi.